Tochi mpya imekuja na kasoro? Fanya haya kabla hujaifungua wala kuitupa

Wakuu habari za saa hizi. Leo nataka tuongee kuhusu tochi, hasa ile uliyoinunua juzi tu, bado ina harufu ya boksi, alafu inawaka inazima inawaka, au inakubali ukiigonga tu, au umeichaji usiku mzima asubuhi haina kitu. Wengi wetu ikifika hapo tunafanya moja kati ya mawili, tunaitupa kwenye droo na kununua nyingine ya aina ileile, au tunachukua bisibisi tunaifungua yote mpaka muuzaji akiiona anasema hii umeiharibu mwenyewe. Zote mbili ni hasara. Tochi nyingi mpya zinazosumbua zina kasoro ndogo tu ya kiwandani ambayo unaimaliza mezani kwa dakika 10 bila kubomoa chochote, na zile chache zenye kasoro kubwa hutakiwi kuzigusa kabisa, unazirudisha zikiwa safi kama zilivyotoka. Kazi ni kujua yako ipo kundi gani.

Kwangu hili sio jambo dogo na nitasema kwanini. Kipindi cha masika nilikuwa kijijini kwetu, nikamnunulia mama tochi mpya ya kuchaji, mwanga mkali kweli, nikampa nikaenda zangu kulala. Saa nane usiku akatoka kwenda choo, na choo chetu kiko nje, hatua kama 30 kutoka mlangoni, katikati ya njia tochi ikakata. Akasimama, akaipiga kwenye paja, ikawaka, na mbele yake hatua mbili hivi kulikuwa na kifutu amejikunja njiani. Kifutu mnamjua, yule hakimbii mtu, anatulia palepale mpaka umkanyage. Mama alirudi ndani anatetemeka mwili mzima. Asubuhi nikaikagua ile tochi nikakuta kiringi cha ndani ya kitako kimelegea, nikakizungusha robo tu ikawa nzima mpaka leo. Robo ya mzunguko! Tangu siku hiyo hakuna tochi inayoingia nyumbani kwetu bila kupita mezani kwangu kwanza.

Anzia dukani

Dukani ndo una nguvu kuliko sehemu yoyote, ukishatoka mlangoni unaanza kuomba. Kariakoo na hata mikoani utakuta kibao, mali ikishauzwa hairudishwi, na ukimwambia muuzaji nijaribishie anaiwasha mara moja, umeona inawaka, anaifungia. Usikubali ya mara moja. Ichukue mwenyewe, washa zima washa zima mara 20, na namaanisha 20, maana swichi mbovu haijionyeshi mara ya kwanza, inajionyesha ya saba au ya kumi na mbili. Ikiwa inawaka itikise, igonge kidogo kwenye kiganja upande wa kitako alafu upande wa kichwa, mwanga usicheze hata kidogo. Imulike ukutani sehemu yenye kivuli uangalie duara lake, likiwa limevutika upande mmoja kama yai au lina doa jeusi ujue lile jicho la LED halijakaa katikati. Pitia modi zote. Kama ni ya kuchaji omba ichomekwe dakika moja tu uone kama kitaa cha chaji kinawaka.

Alafu risiti. TRA kila siku wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na hapa faida ni yako kabisa, kwasababu risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya TRA, ina jina la duka, tarehe na bei, muuzaji hawezi kukugeuka kwamba hii hukununua kwangu. Ipige picha siku hiyohiyo maana zile karatasi zinafutika maandishi, ukiiacha kwenye pochi miezi miwili unabaki na karatasi nyeupe. Na kama amekwambia ina waranti mwambie aandike kwa kalamu siku ngapi na agonge muhuri, waranti ya mdomo haipo. Ukiwa umeagiza mtandaoni ikaletwa na basi au boda, fungua boksi huku mtu anarekodi na simu, kuanzia gundi ya boksi haijakatwa mpaka tochi inawashwa, hiyo video ndo itakuwa shahidi wako.

Vinavyofanana na kasoro kumbe sio

Hapa naomba usiruke, maana nimeona mtu katoka Mbagala na daladala mpaka Kariakoo kurudisha tochi kwasababu ya kikaratasi. Tochi nyingi za betri ya lithiamu zinakuja na kiduara cha plastiki kati ya betri na kitako, kinawekwa kiwandani makusudi ili betri isiishe njiani. Ni chembamba, wakati mwingine hakina hata rangi, unafungua kitako unaona betri unaamini kila kitu kipo sawa, kumbe kimelala palepale. Kitoe. Na kwenye kioo cha mbele angalia kama kuna nailoni ya kuzuia mikwaruzo, ikibaki mwanga unakuwa na ukungu.

Nyingine inakuja imefungwa kwa kufuli ya swichi, yani ukibonyeza haiwaki au inakonyeza mara mbili tu inazima. Kuifungua kunategemea tochi, kuna za kubonyeza haraka mara tatu au nne, kuna za kushikilia sekunde kadhaa, kile kikaratasi cha maelezo ambacho wengi tunatupa kina mstari mmoja unaohusu hiyo. Zingine ukilegeza kitako kidogo tu zinakata umeme, hiyo ni sifa nzuri ya kusafiria, kaza mpaka mwisho.

Kuna na hii ya mwanga kushuka. Unawasha modi kali, dakika mbili tatu unaona umepungua, unasema betri mbovu. Sio lazima. Tochi ndogo yenye mwanga mkali inapata moto sana na saketi iliyotengenezwa vizuri inapunguza yenyewe ili LED isiungue. Hata kwenye kipimo cha FL1, yani kiwango cha Marekani cha kupima tochi, ambacho viwanda makini vinakitumia tangu 2009, lumeni, yani kiasi cha mwanga, zinapimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufika asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwahiyo boksi ikisema saa 6 usitegemee saa 6 za mwanga uleule. Cha kuogopa ni inayopata moto mpaka huwezi kuishika na wala haipunguzi, hiyo ndo ina shida.

Na ya mwisho kwenye kundi hili inasumbua watu sana siku hizi. Tochi ina tundu la Type-C, unachomeka chaja ya kisasa yenye Type-C pande zote mbili, haichaji kabisa, unasema imekufa. Jaribu waya wa kizamani, ule wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja. Ikichaji, basi kiwandani wamebania vipinga viwili vidogo vya kuiambia chaja ya kisasa itoe umeme. Kiukweli hiyo ni kasoro, ni ubanaji wa senti, lakini haiui tochi, ni wewe kuamua kama unaweza kuishi na waya wa kizamani au unairudisha.

Fuata njia ya umeme

Sasa tuje kwenye ile inayokata kweli. Umeme ndani ya tochi ya bomba una njia moja tu ya duara, unatoka kwenye kichwa cha betri, unaingia kwenye saketi iliyopo kichwani, unapita kwenye LED, unarudi kwa kutumia mwili wenyewe wa chuma, unapita kwenye ule ukingo wa nyuma wa bomba, unaingia kitakoni kwenye kiringi, swichi, springi, alafu unarudi kwenye tako la betri. Njia ikikatika sehemu moja tochi inazima, ikigusa kwa mashaka tochi inapepesa. Ukiielewa hiyo duara humlipi fundi kwa kitu cha kuzungusha na vidole.

Kwanza usafi. Toa betri, chukua spiriti ya duka la dawa na vijiti vya masikio, futa meno ya kitako, meno ya bomba, springi, na ule ukingo wa nyuma wa bomba ambao haujapakwa rangi. Utashangaa kijiti kinatoka cheusi kwenye tochi mpya kabisa. Ni mafuta ya mashine na vumbi la aluminiamu vilivyobaki wakati wanakata yale meno, na hicho tu kinatosha kufanya mwanga upepese. Acha ikauke dakika tano ndo urudishe betri.

Ukiwa hapo uangalie vizuri huo ukingo, unatakiwa uwe chuma kitupu kinachong'aa. Wakati mwingine rangi ya kiwandani imeupanda, na rangi ile haipitishi umeme. Hii ni kasoro halisi. Kuna watu wanapitisha msasa laini kidogo inakaa sawa, na inafanya kazi kweli, lakini ukishapitisha msasa umeacha alama, kwahiyo kama siku za waranti bado zipo ongea na muuzaji kwanza.

Alafu kiringi, huyu ndo aliyetaka kuniulia mama. Tazama ndani ya kitako, kuna kiringi cha chuma chenye vitundu viwili vinavyotazamana, ndo kinachoshikilia swichi. Ingiza ncha mbili za mkasi mdogo au kibano kwenye vile vitundu, zungusha kuelekea kulia, yani upande wa kukaza. Kikizunguka hata kidogo umepata ugonjwa. Kaza kwa nguvu ya vidole tu, ukilazimisha unakata meno yake maana ni laini. Kuikaza hivi haiachi alama yoyote, na kwa uzoefu wangu tochi za kitako cha kubonyeza zinazopepesa zikiwa mpya nyingi zinaponea hapa.

Bado? Basi sasa tujue ugonjwa upo kitakoni au kichwani. Fungua kitako ukiweke pembeni, betri ibaki ndani ya bomba, chukua kipande kifupi cha waya wa shaba uliochunwa ncha zote mbili, ncha moja igusishe kwenye tako la betri ambalo sasa linaonekana, nyingine kwenye ule ukingo mtupu wa bomba. Tochi ikiwaka na mwanga ukatulia, kichwa kizima, mgonjwa ni kitako, yani swichi au springi, na kitako cha aina hiyo muuzaji mwelewa anaweza kukubadilishia peke yake. Isipowaka na betri ina chaji, shida ipo kichwani. Zingatia kitu kimoja, jaribio hili ni betri ikiwa ndani ya bomba tu, usije ukatoa betri ya lithiamu ukaunganisha chanya na hasi kwa waya, inachemka sekunde hiyohiyo na inaweza kuwaka moto.

Springi ikiwa imelala upande au fupi, ivute kidogo kwa vidole ipande juu, basi. Zile tochi zinazotumia betri tatu ndogo za AAA kwenye kikapu cha plastiki zina tatizo lake, vile vibati vya kikapu ni vyembamba vinalala, unavinyanyua kidogo na ncha ya kisu. Na kama betri ni ile yenye kichwa bapa na tochi ina kiduara cha plastiki kuzunguka sehemu ya chanya, kichwa hakifiki, betri na tochi vyote vizima ila havipatani, unahitaji betri yenye chuchu.

Ukigundua mwanga unacheza ukigusa kichwa, hapo simama. Hapo ni risasi iliyolehemiwa vibaya kwenye LED au kwenye bodi, na kukifungua kichwa mara nyingi kunahitaji kukipasha moto kilainishe gundi. Usifanye kwenye tochi ya siku tatu. Hiyo irudi dukani.

Betri ndo inayodanganya kuliko kitu chochote

Tochi inaweza kuwa nzima ikaonekana mbovu kwasababu ya betri iliyokuja nayo. Chukua hii ya 18650 iliyojaa kila mahali, namba yenyewe ni vipimo, unene milimita 18 na urefu milimita 65, na kwenye umbo hilo betri nzuri za kampuni kubwa zinaishia kwenye mAh, yani kiasi cha chaji inachobeba, 3500 au zaidi kidogo. Sasa ukiona imeandikwa 6800, 9900, 12000, huo ni uongo wa wazi, na mtu aliyeandika uongo juu ya ganda hakuweka kitu cha maana ndani. Ipime uzito. Mizani ile ya kupimia unga wa keki inatosha, betri ya kweli ya ukubwa huo inacheza gramu 45 mpaka 50, ukipata 30 na kitu ujue ndani kuna nafasi tupu au betri iliyotumika.

Ukiwa na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na siku hizi za bei rahisi zipo kila duka la vifaa vya umeme, weka kwenye volti za DC uipime ikitoka boksi. Ya lithiamu mpya inasoma kati ya 3.6 na 3.8 hivi, hiyo ni kawaida kwasababu zikisafirishwa peke yake kwa ndege zinatakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji. Ikisoma chini ya 2.5 usiichaji kabisa, rudisha. Ichaji mpaka chaja iseme imejaa, pima tena, inatakiwa 4.15 mpaka 4.2, ikizidi hapo, labda 4.3, chaja ndo kasoro na ni ya hatari. Alafu iache mezani usiku kucha nje ya tochi, asubuhi ikiwa imeshuka chini ya 4.0 betri inavuja umeme wake yenyewe. Ganda la plastiki likiwa limechanika karibu na chuchu, au betri imevimba, hapo hakuna la kujadili, usiitumie.

Usipokuwa na multimita tumia saa ya ukutani. Jaza chaji, washa modi ya kati, andika muda, uone inakwenda muda gani kulinganisha na boksi. Ikiahidi saa 5 ikakupa 4 sitagombana na mtu, ikikupa dakika 50 nagombana.

Kuna na zile zenye swichi ya kielektroniki, ya pembeni, ile laini isiyolia klik. Hizo hata zikizimwa zinakunywa umeme kidogo ili zisikie ukibonyeza. Kidogo ni sawa. Lakini nyingine saketi imekosewa inakunywa sana, unaweka imejaa Jumapili, Jumamosi inayofuata imekufa. Jaribu mapema, jaza, iweke kabatini siku tano bila kuigusa, alafu pima au ione inawaka muda gani. Kama ukilegeza kitako wakati wa kuihifadhi shida inaisha unaweza kuishi nayo, ila kwa tochi ya dharura mimi siikubali.

Tochi zinazokuja na betri za kawaida za AA au zile kubwa, angalia kama hazijavuja ndani ya boksi, unaona unga mweupe au kijani kwenye springi. Zikiwa za alkalini, zile zimeandikwa LR6 au LR20, unapaka siki au ndimu kidogo kwa kijiti alafu unafuta na spiriti. Zilizoandikwa R6 au R20 tu, bila L, usitumie siki, futa kavu kwa mswaki wa zamani kisha spiriti. Na betri hizo tupa, usizirudishe ndani.

Za kuchomeka ukutani

Hizi zipo karibu kila nyumba, zenye miguu miwili inayotoka kwenye tako unachomeka moja kwa moja kwenye soketi. Nyingi ndani hazina lithiamu, zina kibetri kizito cha risasi na asidi cha volti 4, na kibetri hicho kina tabia moja, kikikaa bila chaji kinakufa taratibu kwasababu chumvi ya risasi inagandia kwenye sahani zake. Kwahiyo tochi inaweza kuwa "mpya" lakini imekaa stoo mwaka na nusu, na imeshakufa kabla hujailipia. Ndo maana nasema ukiinunua ichaji siku hiyohiyo kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi, iwashe, ikififia ndani ya dakika chache kibetri kimeenda na hakuna dawa, usimsikilize anayekwambia ichaji chaji itazoea. Haizoei. Irudishe kesho yake. Na ikiwa nzima usiiache imechomekwa siku nzima, nyingi hazina akili ya kukata zikijaa, zinakipika kibetri mpaka kinavimba.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Nyingi ya tochi hizi hazina transfoma wala kitu chochote kinachotenganisha umeme wa ukutani na vilivyomo ndani, wanatumia kapasita na vidiode tu kuushusha. Maana yake ikiwa imechomekwa, volti 230 ipo mlemle ndani, na ikiwa ganda limepasuka, mguu unacheza, au kioo kimetoka, mtoto akiweka kidole anapigwa shoti. Usiiwashe ikiwa inachaji, usiifungue ikiwa imechomekwa, na hata ukiichomoa ile kapasita inaweza kubaki na umeme kwa muda, kwahiyo kasoro ya ganda kwenye tochi ya aina hii sio ya gundi, ni ya kurudisha. Alafu ule mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili miguu miwili iingie tuuache, nunua adapta. Miguu ile haikai vizuri, inacheza, inatoa cheche, soketi inaungua.

Mengine kwa haraka

Vumbi kidogo ndani ya kioo, mkwaruzo kwenye rangi, LED imekaa pembeni kwa nusu milimita na duara bado zuri, mimi siyarudishi hayo, tochi ni ya kumulika. Mwanga wa bluu sana au kijani kijani nao ni ladha zaidi kuliko ugonjwa. Ukiimulika mbele ya kamera ya simu ukaona mistari inatembea, saketi inawasha na kuzima haraka ili kupunguza mwanga, ni ubora mdogo lakini sio kuharibika, ila kama kichwa kinakuuma ukisomea ibadilishe.

Maji ndo muhimu kwa wavuvi na wanaotembea masika. Boksi ikisema IPX4 ni ya kurushiwa maji tu, IPX7 ni kuzama mita moja kwa dakika 30. Kabla ya kuamini fungua kitako uone kama oringi, ule mpira wa duara wa kuzuia maji, ipo, haijakatika, haijabanwa upande. Jaribu hivi: toa betri, weka tishu kavu ndani ya bomba, funga, izamishe kwenye beseni dakika 10, ifute, fungua, tishu ikiwa na unyevu irudishe. Oringi kavu ipake mafuta ya silikoni kidogo, sio Vaseline, maana kuna mipira inavimba kwa mafuta ya petroli.

Na kuhusu lumeni 100,000 kwenye boksi. LED moja ya XM-L, ile maarufu kwa jina la T6, ikisukumwa mpaka ampea 3 inatoa kama lumeni 1000. Kwahiyo tochi ya mkononi ya jicho moja la aina hiyo ikijisifu maelfu kwa maelfu, usipoteze nguvu kuirudisha kwa kigezo hicho, kataa kuinunua tangu mwanzo.

Kurudisha bila kugombana

Nenda mapema, siku mbili tatu za kwanza, usisubiri mwezi uishe. Beba kila kitu, boksi, waya, kikaratasi, risiti, na video fupi inayoonyesha kasoro, maana ukifika dukani itawaka vizuri kama imetumwa. Anza kwa heshima, "kaka samahani, hii tochi nimechukua hapa Jumamosi, risiti hii hapa, ikitikiswa inakata, cheki hii video, naomba unibadilishie." Omba kubadilishiwa kwanza, sio hela, wauzaji wengi wadogo hela imeshaingia kwenye mzigo mwingine ila tochi ingine ipo shelfu. Ukipewa nyingine palepale rudia zile mara 20 zako mbele yake bila kuona aibu, boksi zilizotoka mzigo mmoja mara nyingi zina kasoro moja.

Akikataa kabisa, ujue sheria haipo upande wake moja kwa moja kama kile kibao kinavyosema. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 214, inataka kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe na ubora wa kuuzika, ila ina kipengele kwamba ukishaikagua huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulitakiwa kuionyesha, na hii ndo sababu nyingine ya kukagua kwa makini pale dukani badala ya kuitazama juujuu. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa FCC, yani Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya ushindani ya 2003, na kama bidhaa ni ya hatari, kama zile za kupiga shoti, wapelekee TBS, shirika la viwango. Ukiagiza China usibonyeze kwamba umepokea salama kabla hujaijaribu, fungua malalamiko ndani ya siku zilizowekwa, weka ile video ya kufungua boksi, na eleza kasoro kwa sentensi fupi zinazotafsirika kirahisi.

Ikipita yote haya mimi naipa siku saba za kazi, naitumia mwenyewe usiku, uani, nikiipigapiga kidogo, nikiichaji mara mbili mpaka kujaa. Siku ya saba nakifungua kitako, nakikagua kile kiringi tena maana kinaweza kulegea baada ya kubonyezwa bonyezwa, naandika tarehe ya kununua kwa maka peni ndani ya boksi, alafu ndo naipeleka kwa mama, na nampa na ile ya zamani awe nayo mfukoni.